Kokoto za Orkoiyot

Zamani, kusini mwa Eldoret katika nchi ya Wanandi, vijana hawakwenda vitani kabla orkoiyot hajatoa idhini. Kiongozi huyo wa ukoo wa Talai alikuwa na njia zake za kuitafuta siku njema. A. C. Hollis, ofisa wa kikoloni aliyechapisha kitabu kuhusu Wanandi mwaka 1909, alizitaja: kurusha kokoto na kuzisoma, kukagua matumbo ya mnyama aliyechinjwa, kufasiri ndoto, na kutabiri akiwa amelewa.

Kokoto ndizo zinazonivutia zaidi, kwa sababu zina ndugu mbali sana. Pwani, mpiga ramli huchora maumbo 16 ya nukta moja moja na mbili mbili. Nchini Uchina, katika Yijing, yaani Kitabu cha Mabadiliko, muulizaji hurusha sarafu 3 mara 6 na kupata mistari 6, mizima au iliyokatika. Michoro yote ni 64. Hesabu ya sarafu ikiwa 6 au 9, mstari haukai: mzima hukatika, uliokatika huungana, na mchoro wa pili huzaliwa. Msomaji hutazama yote miwili, hali ilivyo na inakoelekea, kisha hulipima swali la aliyekuja.

Mchina alikuwa na kitabu cha kurejea. Kwa Wanandi, jibu lilitoka kinywani mwa mtu, na mtu huyo aliliwajibikia kwa uhai wake. Karibu mwaka 1890 Wanandi walimuua Kimnyole arap Turukat kwa marungu, wakimlaumu kwa maafa ya mifugo na kwa uvamizi alioubariki ambao uliangamiza vijana wengi. Leo anakumbukwa zaidi kwa utabiri wa nyoka wa chuma atemaye moshi na moto, na kweli reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mimi naona kifo chake kinatufundisha zaidi kuhusu kazi ile: jamii ilimtii mtabiri, lakini haikumwachia akosee bure.

Waingereza waliuelewa uzito huo. Mwana wa Kimnyole, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani hadi tarehe 19 Oktoba 1905, ofisa wao Richard Meinertzhagen alipompiga risasi katika mkutano ulioitwa wa amani. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alizuiliwa kuanzia 1923 hadi 1964. Ukoo ukiandamwa hivyo, nani angethubutu kurusha kokoto hadharani?

Fimbo 3 za Koitalel zilirudishwa Kenya mwaka 2006, na hilo ni jema. Sasa Chuo Kikuu cha Moi, kilichopo hapa hapa Uasin Gishu, kiwafuate wazee wa Talai, kwa heshima na kwa ridhaa yao, kirekodi jinsi kokoto zilivyohesabiwa na kusomwa, wakati wangali hai.