Misimu katika misitu ya miombo

Misitu ya miombo ni misitu ya nyanda za Afrika ya kati na kusini ambayo miti yake mikuu ni ya jenasi Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, iliyo katika familia moja na maharagwe. Nchini Tanzania inapatikana hasa magharibi na kusini, kwa mfano Tabora, Katavi na Ruvuma. Inaenea pia hadi Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Angola na kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mvua hunyesha katika msimu mmoja tu, kwa kawaida Novemba hadi Aprili. Wakati wa kiangazi maganda ya mbegu hukauka na kupasuka kwa nguvu, yakirusha mbegu mbali na mti. Mlio wake husikika wazi. Majani hupukutika, lakini miti mingi haisubiri mvua ili kuchipua. Mnamo Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu, hutoa majani machanga mekundu au ya rangi ya shaba, ambayo baadaye huwa ya kijani. Mgeni anaweza kudhani msitu unakauka, kumbe ndiyo kwanza unaamka. Moto ukiwaka kipindi hicho hudhuru machipukizi kuliko ule wa mwanzo wa kiangazi.

Baada ya mvua za kwanza kumbikumbi huruka, na ndege wengi huwala. Kisha huja uyoga. Ule wa jenasi Termitomyces hukuzwa na mchwa na kuota kwenye vichuguu au karibu navyo. Kofia ya Termitomyces titanicus, unaojulikana Zambia, inaweza kufikia upana wa mita 1. Uyoga wa Cantharellus na Amanita hauhitaji mchwa bali miti: kuvu yake hushikamana na mizizi, huipatia maji na madini, nayo hupokea sukari. Kwa hiyo miti ikikatwa kwa ajili ya mkaa au mashamba, uyoga huo hutoweka hata mvua ikinyesha vizuri, ilhali ule wa mchwa unaweza kuendelea kuota shambani.

Baadhi ya Amanita huliwa, lakini nyingine zina sumu inayoua. Kupika hakuondoi sumu hiyo, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Wachumaji hujifunza kuzitofautisha kwa wazee wanaoufahamu msitu wa mahali pao.