Goma ya usiku kwenye ukuta

Mchoraji anayetaka kuweka mji wa Goma wa usiku ukutani haanzi na taa. Anaanza na wekundu wa Nyiragongo juu ya mabati. Miji mingine usiku wake ni mweusi na madirisha ya manjano. Wa Goma, kwa miaka mingi, ulikuwa na moto wake angani hata pale umeme ulipokatika.

Kuchora ukutani hakukuletwa Kongo na vijana wenye rangi za kupuliza. Mwaka wa 1926, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya ukoloni wa Kibelgiji, aliona huko Bukama, Katanga, nyumba zenye michoro ukutani. Michoro hiyo ilikuwa kazi ya Albert Lubaki, mchonga pembe. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Mke wake, Antoinette, naye alichora, ingawa jina lake halikutajwa sana kwa muda mrefu. Mwaka wa 1929 karatasi hizo zilionyeshwa Brussels, na mwaka wa 2015 zikawa kati ya kazi za zamani zaidi katika maonyesho ya sanaa ya Kongo mjini Paris. Kuta zenyewe? Ukuta wa udongo haushindani na mvua. Zilizovuka bahari ni karatasi.

Kinshasa, Chéri Chérin, aliyezaliwa mwaka wa 1955, alianza kwa kupamba kuta za maduka na baa. Mwenzake Moke, aliyefariki mwaka wa 2001, ndiye aliyeupenda usiku wa mji: baa, taa, chupa mezani, watu wawili wawili wakicheza. Lakini Moke aliutia usiku huo kwenye kitambaa, na ndiyo sababu unaonekana hadi leo.

Goma pia kuta zinasema: saluni, fundi wa simu, duka la dawa, kila mmoja na picha yake mlangoni. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka, ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikachukua kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na sehemu ya uwanja wa ndege. Kuta nyingi zilizokuwa njiani zilikwenda pamoja na michoro yake. Wakaaji wakajenga upya juu ya lava ile ile, na kwa mawe yale yale.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, anga likawa jekundu tena. Watu wakashika barabara ya Sake na mpaka wa Rwanda, watoto mgongoni. Lava ilisimama upande wa Buhene. Halafu ikaja Januari 2025: safari hii usiku ulikuwa giza tupu, umeme umekatika kwa ajili ya vita.

Familia zilizokuwa Bulengo na Lushagala hazikuwa hata na ukuta, bali turubai tu. Mwezi uliofuata kambi zikaachwa wazi. Kwa hiyo anayetaka Goma ya usiku iwafikie watoto wa familia hizo, heri aichore mara mbili: ukutani kwa wapita njia, na kwenye kitambaa. Kitambaa kinakunjwa na kubebwa kichwani pamoja na godoro.