Debe la mahindi altareni, hesabu mezani

Mavuno yakishaingia ghalani, Jumapili ya shukrani katika parokia za Mbulu na Hanang huwa na shamrashamra zake. Mahindi, maharage, ngwara, vitunguu swaumu vya Mbulu, ngano ya Basotu, kuku waliofungwa miguu, hata mbuzi wa kuvutwa kwa kamba, vyote hupelekwa altareni. Misa ikiisha, mnada hufunguliwa nje ya kanisa. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa, mnunuzi akamrudisha kama sadaka, akanadiwa tena.

Kila mama anakijua kipimo cha debe alilobeba kichwani. Je, huja kuambiwa liliuzwa bei gani, na fedha zake zilifanya nini?

Swali hilo lina historia ndefu. Misheni ya Tlawi, kando ya ziwa la jina hilohilo, ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1907, hivyo mwaka 2027 itatimiza miaka 120. Enzi hizo misheni ilitegemea wafadhili wa Ulaya. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka msimamizi wa mali atoe hesabu kila mwaka kwa askofu. Katika kifungu hicho, muumini aliyetoa hakutajwa.

Mapadri Wapallotti kutoka Ireland walifika miaka ya 1940. Mbulu ikapewa hadhi ya prefektura mwaka 1943, kisha jimbo mwaka 1953 chini ya Askofu Patrick Winters. Mwaka 1971 nafasi yake ilichukuliwa na Nikodemus Hhando, mzaliwa wa hukuhuku.

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi na kuzifanya jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji. Mzigo wa kulitegemeza Kanisa nao ukazidi kuwaelemea wenyeji, kwa zaka, bahasha na michango ya ujenzi.

Ndipo ikaja Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, iliyoanza kutumika tarehe 27 Novemba mwaka huo. Kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na kamati ya fedha. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitolea Kanisa, kwa utaratibu wa jimbo. Kanuni ya 1267 inasema kilichotolewa kwa lengo fulani kitumike kwa lengo hilo tu. Mchango wa kuwafariji waliofikwa na maporomoko ya tope ya Katesh, alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, hauwezi kugeuzwa bati la kanisa.

Kanuni hiyohiyo ya 1267 inakataza sadaka ikataliwe bila sababu ya haki. Mwaka 2024 jirani zetu wa Kenya walionyesha sababu hiyo inavyoweza kuwa.

Tarehe 14 Novemba maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliikosoa serikali vikali. Siku tatu baadaye Rais William Ruto alisali katika parokia ya Soweto, Nairobi. Alitoa shilingi 600,000 za Kenya kwa kwaya na kikundi cha kimisionari cha parokia, na milioni 2 za nyumba ya mapadri. Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, akaongeza 200,000 kwa kwaya. Rais akaahidi milioni 3 nyingine, na basi.

Haukupita muda. Tarehe 18 Novemba Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alitangaza kwamba fedha zote zirudishwe, na ahadi zile zisipokelewe. Alieleza kwamba Kanisa lisigeuzwe uwanja wa siasa, na michango iendane na maadili. Wengi walimpongeza, na wengine walisikitikia nyumba ya mapadri. Lakini parokia moja ilikuwa imelifanya taifa zima lijiulize: sadaka hii imetoka wapi, na inataka nini?

Mbulu na Hanang hazihitaji kumsubiri mgeni mkubwa ili swali hilo liulizwe. Mtoaji wao mkubwa ni yule wa debe. Zaka yake haina kamera wala basi, na kwa sababu hiyo ni rahisi ipotee katika hesabu. Pale inapoandikwa, ikasomwa kanisani na kubandikwa ubaoni, waamini hutoa kwa moyo mweupe. Pale hesabu inaposomwa haraka haraka kama tangazo la ndoa, manung'uniko huhamia sokoni.

Siku hizi simu imeingia, na sadaka nyingine hutumwa kwa miamala inayoacha kumbukumbu. Jogoo wa mnada hana risiti. Anahitaji mtu mwenye daftari akae pembeni ya mnadi, aandike mtoaji, mnunuzi na bei, kisha kamati ya fedha ijumlishe mbele ya watu kabla hawajatawanyika. Tlawi ikifikia miaka 120, daftari la namna hiyo lingepamba meza ya sherehe.