Vijana, Begi Mgongoni na Kitanda cha Shilingi Moja

Pita Lisbon, Barcelona au Split wakati wa kiangazi, utawakuta. Vijana watatu wanne, kila mmoja na begi linalomzidi kichwa, raba zimening'inia kwa kamba zake, wanabishana kama waende kuogelea kwanza au wakatafute pa kulala. Pa kulala penyewe kwa kawaida ni hosteli: chumba cha vitanda vya dabodeka, bafu la wote, jiko la wote. Ukiwatazama utadhani ni ujana wao tu uliobuni safari za namna hii. Hamu ya kutembea vijana wamekuwa nayo siku zote. Walichokosa ni kitanda wanachokimudu na nauli wanayoimudu, na vyote viwili vililetwa na watu wazima.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule. Richard Schirrmann alizaliwa mwaka 1874 huko Prussia Mashariki, akaenda kufundisha upande wa magharibi wa Ujerumani, kwenye migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Watoto wa huko walikulia kwenye moshi. Schirrmann alipenda kuwatoa darasani akawafundishie njiani, porini na mtoni, jambo ambalo wakubwa wake hawakulifurahia sana. Hakuwa peke yake katika hilo. Vijana wa chama cha Wandervogel, kilichozaliwa viungani mwa Berlin miaka michache kabla ya hapo, nao walikuwa wakikesha vijijini na magitaa yao. Ila Wandervogel wengi walikuwa watoto wa sekondari, wa familia zenye uwezo. Wanafunzi wa Schirrmann walikuwa watoto wa vibarua.

Agosti 1909, akiwa sasa anafundisha mji wa Altena, aliondoka na wanafunzi wake kwa miguu kuelekea Aachen, safari ya siku nane. Tarehe 26, katika bonde la Bröl, wakanaswa na dhoruba ya radi. Walipata hifadhi katika shule ya kijiji iliyokuwa imefungwa kwa likizo. Madawati yakasogezwa pembeni, nyasi kavu zikatandazwa sakafuni, watoto wakalala. Mwalimu hakupata usingizi. Huku ngurumo zikiendelea nje, alipiga hesabu yake: shule zipo kila kijiji, na likizo zote zinakaa tupu. Zikitengwa zile zilizo umbali wa mwendo wa siku moja kutoka moja hadi nyingine, mtoto wa kibarua anaweza kuizunguka nchi nzima.

Mwaka uliofuata aliliandika wazo hilo gazetini, na mfanyabiashara Wilhelm Münker akajitokeza kumsaidia kuchangisha fedha na kuipanga kazi. Mwaka 1912 hosteli ya kudumu ilifunguliwa ndani ya ngome ya kale iliyo juu ya mji wa Altena. Vitanda vyake vya kwanza, vya mbao nzito, viko kwenye makumbusho pale pale ngomeni, na ngome yenyewe bado inalaza wageni.

Wazo likavuka mipaka haraka. Uingereza walianza mwaka 1930, na bei ya usiku mmoja ikawekwa shilingi moja. Mwaka 1932 vyama vya nchi mbalimbali vilikutana Amsterdam vikaunda shirikisho la kimataifa, Schirrmann akawa rais wake. Aliyesoma bweni Afrika Mashariki asingepata taabu kuzizoea sheria za hosteli hizo: wavulana huku, wasichana kule, taa kuzimwa mapema usiku, asubuhi kila mgeni na kazi yake, huyu anafagia, yule anamenya viazi. Ujerumani msimamizi aliitwa baba wa hosteli, na mkewe mama. Uingereza, kwa miaka mingi, mwenye kuja na gari hakupokewa kabisa; ilibidi uje kwa miguu au kwa baiskeli. Leo tungeziita sheria za kijeshi, lakini mimi naona ndizo zilizowafanya wazazi wa wakati ule wakubali kuwaachia mabinti zao watoke.

Kisha siasa ikaingia. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, hosteli za Ujerumani ziliwekwa chini ya vijana wa chama chake, na mwaka 1936 Schirrmann akalazimika kuachia urais wa shirikisho. Baada ya vita alirudi kujenga upya, hadi alipofariki mwaka 1961.

Kitanda kikawa kimepatikana. Nauli ikaja mwaka 1972, pale umoja wa mashirika ya reli, ukiadhimisha miaka 50 tangu uundwe, ulipotoa tiketi iliyoitwa Interrail. Kijana asiyezidi miaka 21 alilipa mara moja akapanda treni za nchi 21 kwa mwezi mzima. Mahesabu ya vijana yalikuwa mepesi: treni ya usiku ni nauli na kitanda kwa pamoja. Ulilala ukiwa Paris ukaamkia pwani ya Mediterania. Kundi likishuka Italia lilifuata reli ya kandokando ya Adriatiki mpaka Brindisi, likapanda meli ya kwenda Patras, Ugiriki, likatandika mifuko ya kulalia juu ya deki pamoja na wengine wengi waliobana matumizi vile vile. Urafiki mwingi ulianza kwa mkate na jibini vilivyogawanywa hapo dekini, na mwingine, tusifichane, ulivunjika hapo hapo.

Waliokuwa na muda zaidi walikwenda mashariki. Istanbul, karibu na Msikiti wa Bluu, kulikuwa na mgahawa uliofunguliwa mwaka 1957 ambao wageni waliuita Pudding Shop. Ukutani palikuwa na ubao wa matangazo: fulani ana gari, anakwenda Delhi, nafasi mbili zipo, changia mafuta. Kutoka hapo ni Tehran, Herat, Kabul, Lahore, mpaka Goa, ambako fukwe za Calangute na Anjuna zilijaa mahipi. Waingereza wawili, Tony na Maureen Wheeler, walipita njia hiyo mwaka 1972, wakauza gari lao Kabul, wakafika Sydney wakiwa wamebakiwa na senti 27. Kijitabu walichokitoa mwaka 1973 ndicho kilichozaa Lonely Planet, kampuni ya vitabu vya mwongozo wa safari.

Wengine walivuka bahari mpaka kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lamu ilikuwa tayari imejulikana na mahipi, waliofika kwa jahazi na mashua, wakipanga vyumba kwenye nyumba za mawe. Wenye nyumba walipata chochote. Wazee walilalamikia mavazi na bangi. Reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo ikaingia kwenye ramani za wenye mabegi.

Njia ya mashariki ilikatika mwaka 1979, Iran ikiwa na mapinduzi na majeshi ya Kisovieti yakiingia Afghanistan mwishoni mwa mwaka. Ulaya ilikwenda kinyume. Mwaka 1985 nchi tano zilitia saini mkataba wa Schengen, na kuanzia 1995 ukaguzi mipakani ukaanza kuondolewa. Tangu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya unawagawia baadhi ya vijana wa miaka 18 tiketi za treni bure.

Kijana wa Tanga au Mombasa akitaka kuiona pwani hiyo ya Mediterania analipa kwanza euro 90 za maombi ya viza, hazirudi hata akikataliwa. Kulalamika hakutaipunguza bei hiyo. La kwetu tunaliweza. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho tu. Treni ya SGR, reli ya kisasa, ya Mombasa hadi Nairobi ilianza mwaka 2017, ya Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Hazijaunganika, lakini mabasi ya katikati yapo. Wakuu wa reli wa nchi hizi wakae meza moja, watoe tiketi ya mwezi kwa wenye umri usiozidi miaka 25, na waianze likizo ya Desemba.