Kinanda cha Störmthal na Kinanda Chetu



Tulipokutana kuandaa jubilii hii, kamati ilikubaliana upesi kuhusu sare, nyimbo na chakula. Jambo lililotuweka hadi giza likaingia ni kinanda. Wazee wawili waliuliza: kanisa la kijijini kama letu lina haja gani na kinanda cha bei, na paa bado linavuja? Swali hilo ni la haki. Tumeona tulijibu kwa historia ya kijiji kingine cha Walutheri, ambacho kimekuwa na kinanda chake kwa zaidi ya miaka 300.

Kijiji hicho kinaitwa Störmthal. Kiko katika jimbo la Saxony, mashariki mwa Ujerumani, kilomita 15 hivi kutoka mji wa Leipzig. Jina la Leipzig si geni katika historia ya Ulutheri wa Kenya. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Jimba, karibu na Rabai, mwaka 1886, kisha wakaingia Ukambani na kufungua kituo Ikutha mwaka 1891. Mwaka 1893 kazi yao ilichukuliwa na Misheni ya Leipzig, ikaendelea hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani. Walutheri wa Uswidi ndio walioanza tena kazi hapa nchini mwaka 1948, pale Itierio, Kisii. Kwa hiyo tukisimulia habari za upande wa Leipzig, tunasimulia habari za ndugu.

Mwaka 1722 na 1723 watu wa Störmthal walikuwa wakijenga kanisa lao upya. Bwana wa eneo hilo, Statz Hilmor von Fullen, alimpa fundi Zacharias Hildebrandt kazi ya kutengeneza kinanda. Hildebrandt alikuwa mwanafunzi wa fundi mashuhuri Gottfried Silbermann, na wakati huo alikuwa bado anajitafutia jina. Kinanda alichokiunda si kikubwa. Kina safu 14 za mabomba, vibao vya kubonyeza kwa vidole na vingine vya kukanyaga kwa miguu.

Vijana wetu wanaojua kinanda cha stima tu, waelewe kwamba kinanda cha mabomba huimba kwa pumzi. Mivukuto mikubwa, kama ile ya mhunzi, husukuma hewa hadi kwenye kisanduku kilicho chini ya mabomba. Mpigaji anapobonyeza kibao, mlango mdogo hufunguka, hewa ikapanda ndani ya bomba, nalo likalia kama filimbi. Bomba refu hutoa sauti nzito, fupi hutoa sauti nyembamba. Kabla ya mota za umeme kuja, ilibidi mtu asimame pembeni akiisukuma mivukuto kwa mikono au miguu muda wote wa wimbo. Akichoka yeye, mpigaji hodari naye ananyamaza.

Tarehe 2 Novemba 1723 kanisa na kinanda viliwekwa wakfu siku moja. Aliyeitwa kukagua kinanda ni Johann Sebastian Bach, mwenye umri wa miaka 38, aliyekuwa ameanza kazi ya kuongoza muziki wa kanisa mjini Leipzig mwaka huohuo. Alikijaribu, akakikubali na kukisifu. Siku hiyo pia aliongoza kantata aliyoitayarisha kwa ajili ya sherehe hiyo, ambayo leo inajulikana kwa namba BWV 194. Wataalamu wanaona kwamba muziki wake mwingi aliuchukua kutoka katika kazi aliyoitunga awali kwa ajili ya shughuli isiyo ya kanisa. Na mwaka uliofuata aliiimbisha tena Leipzig katika Jumapili ya Utatu. Basi wanakwaya wasinung'unike mwalimu anaporudia wimbo wa zamani kwa maneno mapya. Hata Bach alifanya hivyo.

Lakini wimbo na sifa za siku ile havikutosha kukifikisha kinanda hiki miaka 300. Bach aliondoka akarudi kazini kwake. Waliobaki nacho ni wanakijiji: wapigaji wa kila Jumapili, wasukumaji wa mivukuto, na wote waliotoa sadaka ili fundi alipwe. Katika karne ya 19 ladha ya muziki ilibadilika, na makanisa mengi ya Ujerumani yakang'oa vinanda vya zamani na kuweka vipya. Kinanda cha Störmthal kilibaki, na sehemu yake kubwa ni ileile aliyoiunda Hildebrandt.

Katika karne ya 20 hatari ilikuja kwa njia nyingine. Chini ya ardhi ya eneo hilo kuna makaa ya mawe ya kahawia, na mashimo ya kuyachimba yalimeza vijiji. Magdeborn, kijiji jirani, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1970, kanisa lake pamoja nacho, na watu wake wakahamishwa. Mgodi ulifika karibu na Störmthal, lakini kijiji kikasalia. Mgodi huo ulifungwa katika miaka ya 1990, na leo shimo lake ni ziwa. Juu ya maji kuna jengo linaloelea, lililofanywa kwa kukumbuka kanisa la Magdeborn lililopotea. Jirani mmoja amebakiwa na ukumbusho juu ya maji. Mwingine bado anaimba na kinanda cha mwaka 1723.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wenu mnakumbuka kinanda chetu cha kwanza, tulichokinunua kwa harambee. Hakikuibwa, wala hakikuungua. Tulikibeba kwenye harusi na mazishi bila kifuniko, kikanyeshewa, panya wakaingia ndani, na siku moja stima ilipotea ikarudi kwa nguvu, kikazima kabisa. Tulikitumia sote, na hakikuwa na mwenyewe. Tunayaandika haya katika kitabu cha sherehe kwa sababu historia isiyotaja makosa yetu haiwezi kutufunza.

Kwa hiyo jibu letu kwa wale wazee ni hili: mko sahihi kuhusu paa. Kinanda hakikai chini ya paa linalovuja. Sadaka ya jubilii itaanza na mabati, kisha kinanda, na vyote viwili tutaviweka wakfu siku moja kama walivyofanya Störmthal.

Pamoja na fedha, tunaomba mambo matatu. Kwanza, awepo mtu mmoja aliyekabidhiwa kinanda na funguo za kabati lake. Pili, kila mwezi kiasi kidogo cha mchango wa kwaya kitengwe kwa matengenezo, hata kama hakuna kilichoharibika. Tatu, vijana wawili, msichana na mvulana, wafundishwe kupiga, ili mpigaji wetu akihamia Nairobi kazi isisimame.

Siku ya kuzindua itakuwa na wageni na picha nyingi. Jumapili zitakazofuata zitakuwa zetu wenyewe, bila mgeni wala picha. Hizo ndizo zitakazoamua kama wajukuu wetu watakuta kinanda hapa au watasimuliwa tu.



Katibu wa Kwaya, kwa niaba ya wanakwaya wote