Kitumbua cha Tinde na Asili ya Mpunga

Tinde ni njia panda. Barabara itokayo Nzega hugawanyika hapo. Moja huelekea Isaka na Kahama, na ya pili Shinyanga na Mwanza. Nchi hiyo ni ya Wasukuma, ambao chakula chao kikuu zamani kilikuwa ugali wa uwele na mtama. Kwa hiyo kitumbua cha mchele, ijapokuwa leo kimezoeleka katika chai ya asubuhi, asili yake ni mgeni. Na safari ya mgeni huyo yastahili kuelezwa.

Mpunga wa Asia ulianza kulimwa katika bonde la mto Yangtze, Uchina, yapata miaka 9,000 iliyopita. Wachina hufinyanga unga wa mchele unatao wakafanya vidonge vitamu, aghalabu vyenye ufuta na sukari ndani, wakavichemsha na kuvila katika sikukuu ya mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka wao. Huviita tangyuan, na umbo lao la duara ni ishara ya jamaa kukutana. Kitumbua si mtoto wa tangyuan, ingawa nafaka yao ni moja. Mchele wa Wachina hunata kwa kuwa hauna, au una kidogo mno, ile sehemu ya wanga iitwayo amilosi. Mchele wa kitumbua unayo; nao hulowekwa, ukasagwa, ukaumuliwa kwa hamira, kisha ukapikwa kwa mafuta katika chuma chenye vishimo. Vyuma vya namna hiyo hutumika pia India ya kusini na Bukini, na huko ndiko waliko jamaa zake wa karibu.

Mchele ulifika pwani kwa njia ya bahari. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli. Katika karne ya 19 Waarabu na Waswahili wa misafara waliulima mpunga Tabora. Baadaye kilimo chake kikaenea Usukuma, ambako wakulima waliujengea majaruba mbugani. Mnazi haukufuata safari hiyo, na mpishi wa bara asiye na tui hutumia maziwa au maji.

Lakini faida ya chakula haipimwi kwa utamu. Gramu 100 za mchele mweupe zina protini yapata gramu 7. Uwele una yapata gramu 11, na madini ya chuma mengi zaidi. Tena mashine ikikoboa mchele huondoa pumba pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B1. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona huko Java kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe walipooza miguu, wakapona walipopewa usiokobolewa. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Basi mtoto aendaye shule kwa vitumbua na chai ya sukari peke yake ameshiba, lakini hakulishwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mchele umekuja na umepokewa vizuri. Mwenyeji atapona iwapo kitumbua kitaliwa pamoja na maharage au maziwa, na uwele ukabaki chunguni.