Gugu Maji la Ziwa Viktoria na Usomaji wa Picha za Setilaiti

Msomaji wa tenzi za kale azijua taabu za hati za Kiarabu. Herufi moja huweza kusimama mahali pa sauti mbili au tatu, na asiyeijua lugha ya mtungaji husoma neno ambalo mwenyewe hakuliandika. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba picha za nchi zipigwazo na setilaiti nazo ni hati za namna hiyo. Mfano wangu ni gugu maji la Ziwa Viktoria.

Setilaiti ya kwanza ya Marekani iliyowekwa kuchungua uso wa nchi kwa utaratibu, ambayo baadaye iliitwa Landsat 1, ilirushwa tarehe 23 Julai 1972. Ilipita juu ya mahali palepale kila baada ya siku 18. Mwaka 1975 kilianzishwa mjini Nairobi kituo cha kanda cha upimaji na ramani, na kuzisoma picha hizo kukawa sehemu ya kazi yake. Walakini katika miaka ya 1980 picha ziligeuzwa kuwa bidhaa, hata moja ikafika kuuzwa kwa zaidi ya dola 4,000. Nchi maskini ikawa hainunui ila chache.

Wakati huo ndipo gugu lilipoingia. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikwisha kuonekana katika Ziwa Viktoria. Mto Kagera nao ukazidi kulileta kutoka Rwanda. Ua lake ni zuri, bali mmea wenyewe huongezeka upesi mno. Katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, mitumbwi ilikwama, nyavu zikapotea, na vyombo vikashindwa kuingia bandari ya Kisumu. Serikali za Kenya, Uganda na Tanzania zilihitaji kujua gugu limeenea kiasi gani. Aliye ndani ya mtumbwi hawezi kujibu swali hilo, maana machoni pake ziwa zima limefunikwa.

Setilaiti iliweza. Majani mabichi hurudisha kwa nguvu aina ya mwanga wa jua usioonekana kwa macho, hali maji huumeza. Basi katika picha gugu hung'aa juu ya weusi wa ziwa. Mawingu yakizuia, hutumiwa rada. Kwa njia hizo ilipimwa kuwa mwaka 1998 gugu lilifunika zaidi ya hekta 17,000 katika Ghuba ya Winam peke yake, na kwamba muda si mrefu baadaye likapungua sana.

Lilipunguzwa na nini? Wako wasemao ni fukusi walao gugu hilo, walioachiliwa Uganda mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997. Wengine wasema ni mawingu, mawimbi na mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Picha hazikukata shauri hilo, kwa kuwa zatoa kipimo na tarehe, wala hazitoi sababu. Tena mafunjo ya ufukoni huweza kudhaniwa kuwa gugu, na gugu lililotoweka katika picha ya leo huenda limesukumwa tu na upepo hadi ghuba nyingine. Anayeyajua hayo ni mvuvi. Asipoulizwa, mashine na fedha zaweza kupelekwa pasipo na haja, au ushindi ukatangazwa kabla ya wakati wake. Na gugu lilirudi kwa wingi katikati ya muongo uliofuata.

Mwaka 2008 Marekani iliamua kuzitoa bure picha zote za Landsat, tangu zile za 1972. Hivyo mwanafunzi wa Kisumu au Mwanza aweza leo kuzitazama bila kulipa. Hazina hii ni kubwa, lakini wazee walioliona gugu likiingia wanapungua kila mwaka, nao ndio wenye majina ya pepo, ya ghuba na ya mimea ya ziwa, kwa Kijaluo, Kiganda, Kihaya, Kisukuma na Kiswahili. Picha zimekwisha kuhifadhiwa. Maneno hayo bado. Yafaa yakusanywe upesi, kwani ndiyo kamusi ya hati hizo.